Bomba Chini ya Sebule

Jumatatu, 3 Julai

Miaka ishirini na mbili nimesimamia chumba cha kufulia cha hospitali, na kila zamu niliandika kitabu: mashuka mangapi yameingia, mangapi yametoka, mashine ipi imegoma, nani kachelewa na kisingizio chake. Tangu nistaafu mkono unawasha. Leo nimenunua daftari hili, liwe kitabu cha zamu cha nyumba yetu.

Hali ilivyo ni hivi. Kiwanja kipo na msingi umeshapanda. Vyumba viwili, sebule, jiko, na bafu ambalo Mama ataingia bila kupanda wala kushuka hata hatua moja. Kwa sasa tumepanga chumba kimoja ghorofa ya pili, na magoti ya Mama hayataki tena ngazi. Akitaka kushuka hukaa chini akashuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, huku akiwasalimia wapangaji wote njiani kama kiongozi aliye ziarani. Mwenye jengo ametangaza kwamba analibomoa, na mwisho wa Septemba kila mtu awe ametoka. Nyumba yetu isipokuwa tayari, Mama itabidi aende kwa mdogo wangu, safari ya siku mbili.

"Huko nitakwenda mara moja tu," amesema. "Kurudi sirudi. Mtanifuata na sanda."

Basi tarehe tuliyonayo ni moja, 30 Septemba. Mchanga upo, kokoto zipo, saruji ipo chini ya turubai. Kilichobaki ni maji, na maji nayajua mimi kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Hilo si tatizo.

Jumanne, 4 Julai

Ofisi ya maji. Nimejaza fomu ya kuungiwa bomba. Bwana wa dirishani, mpole, shati limepigwa pasi vizuri, amesema nipite kesho.

Jumatano, 5 Julai

Nimepita. Amesema kesho. Nimeshamwita Bwana Kesho.

Fundi hawezi kungoja. Fundi wetu ni mtu wa maneno machache na kofia moja, na alichosema ni kwamba nyumba bila maji ni lundo la vumbi. Kwa hiyo jioni nimekwenda kwa jirani wa nyuma. Ana kisima, pampu ndogo, na tangi juu ya mnara wa matofali. Chini ya mnara kuna bomba, na bomba lina kufuli. Sitanii. Amepitisha mnyororo kwenye koki, akatia kufuli la ukubwa wa ngumi yangu, na ufunguo anauvaa shingoni. Mtaa mzima unamwita Mama Kufuli. Anaishi peke yake, na kwa umri amenipita kama miaka kumi na mitano.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ule msingi."

"Ndiye mimi."

"Unataka maji."

Sikuwa hata nimekaa. Masharti yake: maji kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, basi. Mafundi wasikanyage ua wake. Toroli zisioshwe kwa maji ya bomba. Nilipotaja malipo alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Utanilipa kwa kutoyachezea," akasema. Halafu akauliza jambo moja: "Zege la sakafu mtalimwagilia siku ngapi?"

"Saba."

"Saba kamili?"

"Saba kamili, dada."

Akakubali kwa kichwa, yakaisha.

Jicho la kazi halistaafu, kwa hiyo niandike na hili. Gauni lake la bluu lina mstari mweusi kwenye kola, na kamba ya nguo uani kwake haina hata soksi. Mtu ana kisima chake mwenyewe na hafui! Mimi nikimiliki kisima hata mawe ya uani nitayaloweka.

Alhamisi, 6 Julai

Tumelaza bomba. Linatoka kwa Mama Kufuli, linapita tundu la ukutani, linakuja mbele kwenye mapipa yangu manane karibu na mchanga.

Fundi alitaka lizunguke. "Tufuate ukuta, mama."

Kufuata ukuta kulihitaji rola mbili za bomba na mimi nilikuwa na moja. "Lipite hapa katikati, fundi. Njia iliyonyooka."

"Hapa katikati ni sebule."

"Ni la muda tu."

"La muda," akasema, akachora hewani kwa kidole kama anayetia saini. Wamechimba mfereji mfupi na kulifukia ili toroli zisilikanyage. Kazi ya saa mbili. Nani alisema maji ya ujenzi yana shida?

Ijumaa, 7 Julai

Maji yamefika saa kumi na mbili na robo. Kufika saa nne mapipa manane yalikuwa yamejaa hadi mdomoni. Nilisema nini?

Jumatatu, 10 Julai

Kifusi ndani ya msingi, wanamwagia maji na kushindilia. Mapipa manane. Kufuli limefungwa saa nne kamili. Yule mama hana saa mkononi lakini hakosei.

Jumatano, 12 Julai

Bwana Kesho: kesho.

Alhamisi, 13 Julai

Bwana Kesho: kesho. Nimeamua nisimsumbue kwa sasa. Maji ninayo, ya nini kuchakaza viatu?

Jumamosi, 15 Julai

Jioni nikinywa chai na Mama nimemsimulia habari za gauni la bluu. Nimemwona nalo tena leo, na kola imezidi kuwa nyeusi.

"Umemuuliza kwa nini hafui?"

"Mama, kuna maswali hayaulizwi."

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukiwauliza madaktari kwa nini makoti yao yana mchuzi?"

Nimemwambia hospitalini ilikuwa kazi yangu. Amesema ujirani nao ni kazi, tena haina kustaafu. Mama akishakuwa na chai mkononi hashindwi hoja.

Jumanne, 18 Julai

Maji yamekuja kwa unyonge, yanadondoka kama yanaombwa. Mapipa sita tu hadi saa nne. Nimeinama kwenye tundu la ukuta nikaita, "Dada, fungua vizuri, yanakuja kidogo!"

Sauti ikajibu, "Kinga unachopata."

Bahili wa kwanza niliyewahi kumwona anayebania hata kasi ya maji.

Alhamisi, 20 Julai

Sakafu tunamwaga Jumamosi. Mpango ni wangu na ni mzuri: kesho tunajaza mapipa, Jumamosi alfajiri tunajazia yaliyopungua, tunang'oa bomba, halafu tunamwaga zege bila kitu chochote chini. Baada ya siku mbili bomba tunalirudisha kwa kufuata ukuta. Rola ya pili nimeshainunua. Fundi amesikiliza mpango wote, akasema, "Sawa, mama."

Jumamosi, 22 Julai

Siku ndefu, na nina madoa ya saruji hadi kwenye nyusi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa kiwanjani. Mapipa mawili yalikuwa matupu. Yamepasuka chini, maji yote yamelowesha mchanga usiku kucha. La tatu lilikuwa nusu. Mafundi kumi na wawili wameshafika, mashine ya kuchanganyia zege imekodiwa kwa siku moja, na zege halisubiri mtu. Ukianza kumwaga humalizi nusu ukaenda kulala, vinginevyo sakafu inakuwa na kovu pale ulipoishia.

"Tung'oe bomba?" Fundi akauliza.

"Tukiling'oa maji hayatoshi."

"Tusipoling'oa tutalizika."

Alikuwa na haki ya kunikumbusha ile njia iliyonyooka. Hakufanya hivyo, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Nikasema waanze vyumbani, sebule iwe ya mwisho, huenda maji yakatosha kabla ya kufika hapo. Wakaanza. Maji yalikuwa yanaingia kwenye mapipa huku na kutoka kwenye ndoo kule, na mimi katikati nikipiga kelele kama enzi zangu mashine nne zikimaliza kwa pamoja.

Saa nne ikafika. Niliangalia ukuta nikangoja maji yakatike. Hayakukatika. Saa tano yanakuja. Saa sita yanakuja, membamba lakini yapo. Nikajipongeza kimoyomoyo kwamba yule mama hatimaye amejua anashughulika na nani.

Saa nane walifika sebuleni. Fundi alisimama juu ya mfereji akanitazama. Nilihesabu mapipa, nikahesabu mita zilizobaki, nikajua kwamba maji ya kumalizia sebule yatatoka kwenye bomba lililo chini ya sebule. Hakuna hesabu nyingine.

"Mwaga," nikasema.

Wakamwaga. Zege la toroli ya mwisho lilichanganywa kwa maji yaliyopita chini ya miguu ya waliokuwa wakilisawazisha. Saa tisa maji yalikatika, sakafu ikawa imekwisha, imenyooka na kung'aa.

"Mama," Fundi akasema akivua kofia, "la muda limepata makazi ya kudumu."

Hayo ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwa wiki. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Mama nilipomsimulia amesema maji yakimwagika hayazoleki, na bomba likizikwa halifufuki. Sina wasiwasi. Ncha zote mbili zipo nje na bomba linafanya kazi. Tutalitumia hadi nyumba iishe, kisha tutaliziba.

Jumapili, 23 Julai

Siku ya kwanza ya kumwagilia. Tumetandika magunia sakafu nzima na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni. Mapipa manne tu yamejaa.

Jumatatu, 24 Julai

Siku ya pili. Mapipa mawili na ndoo tatu. Nimeita tunduni, hakuna aliyeitika.

Jumanne, 25 Julai

Leo naandika pole pole, maana nataka niliandike kama lilivyokuwa na nisijipendelee.

Maji hayakuja kabisa. Saa moja, saa mbili, saa tatu, hata tone. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi na magunia yalikuwa yanakauka kingo zikijikunja. Zege la siku tatu ni changa. Likikosa maji kwenye jua kama hili linapasuka, na ufa ukishaingia hautoki. Juu ya sakafu hiyo ndipo bafu la Mama, ndipo tarehe thelathini, ndipo kila nilichoweka akiba tangu nianze kazi. Fundi alimwaga ndoo ya mwisho ya pipa la mwisho, akaweka ndoo chini, akanitazama.

Nilizunguka barabarani hadi kwenye lango la Mama Kufuli nikiwa na hotuba kamili. Nilitaka kumwambia kwamba ahadi ni deni, kwamba kama hakutaka angesema mapema, kwamba maji hayafuniki roho mbaya. Sikupiga hodi. Nilisukuma lango nikaingia.

Alikuwa amechuchumaa kando ya kisima, mfuniko umewekwa pembeni. Mikononi alikuwa na kamba yenye mafundo na jiwe mwishoni. Alikuwa anaitoa kisimani pole pole. Fundo la kwanza kavu, la pili kavu, la tano, la saba, yote makavu. Jiwe lilipotoka lilikuwa na tope upande mmoja.

"Nilikuwa nakuja kukuambia," akasema bila kugeuka. "Miguu ilikataa."

Hotuba yangu sijui ilikokwenda.

"Tangu lini, dada?"

"Kilianza kushuka kabla hujaja, na ulipoanza kushindilia kifusi kikazidi. Kila asubuhi napima. Jumamosi nilijua nikifunga saa nne yatabaki maji ya wiki mbili. Nikasikia mashine inaunguruma, nikasikia na wewe unavyopiga kelele. Nikaacha."

"Na wewe ulikuwa unatumia nini?"

"Ndoo moja kwa siku. Mtu mmoja anatosha ndoo moja. Nguo zitafuliwa mvua ikija."

Alikuwa amevaa gauni la bluu. Nililitazama na nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni. Miaka ishirini na mbili! Msichana wa siku ya kwanza kazini nilikuwa namfundisha hivi: ukiona nguo chafu kwa mtu msafi, usimwangalie mtu, angalia bomba. Mimi nililiona gauni hilo siku ya kwanza kabisa, nikalicheka kwenye daftari hili na kwenye chai ya Mama, na maji yaliyopaswa kulifua nilikuwa nayashindilia kwenye kifusi. Nyani haoni kundule.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa karibu kulia na nikasema kwa ukali, ndivyo nilivyoumbwa.

Akainuka. "Njoo uone."

Akanipeleka ndani ya nyumba yake. Sebule ni safi, viti viwili, meza. Akasogeza zulia kwa mguu. Ufa ulianzia mlangoni, ukakata sebule yote, ukaingia chumbani. Kidole changu kiliingia hadi kwenye kucha.

"Nilipojenga niliomba maji kwa mtu aliyekaa hapo ulipo wewe, kabla hajahama na kibanda chake hakijabomolewa. Akanipa. Siku ya tatu akafunga. Alichoka tu. Hakuwa na sababu." Akarudisha zulia. "Kila nikifagia vumbi linaingia humo. Miaka kumi na saba nafagia huo ufa. Nikachimba kisima changu, nikatia kufuli langu, nikasema mimi ndiye nitakayejua lini kinafungwa na lini kinafunguliwa. Wewe uliniambia siku saba kamili. Nilitaka ufike saba."

Nilimwambia samahani. Nilimwambia na habari za gauni, kwamba nilimsema. Akaishika kola yake, akasema, "Kola hata mimi inanikera."

Tukacheka, yeye kwanza. Halafu nikakimbia, kwa sababu magunia yalikuwa yanakauka.

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Sijashindwa. Kuna maji mji huu yanayomwagika kila siku na mimi ndiye ninayejua saa yanayomwagika. Chumba cha kufulia hospitalini, suuza ya tatu ya mashuka mapya: maji meupe, hayana sabuni wala ugonjwa, yanakwenda mtaroni saa saba na saa kumi. Kuchanganyia zege hayafai. Kulowesha magunia yanafaa sana. Anayesimamia sasa ni binti niliyemfundisha mwenyewe.

"Bosi," akasema nilipoingia natokwa na jasho, "hata kustaafu umeshindwa?"

Wenye mikokoteni wawili, mapipa sita kwa safari. Saa tisa kasoro magunia yalikuwa yanachuruzika. Fundi alipiga magoti akafunua pembe moja, akapapasa zege kwa kiganja.

"Bado," akasema. Yaani bado halijapasuka. Na mimi bado.

Jumatano, 26 Julai

Siku ya nne. Mikokoteni mara tatu. Nimenunua na maji safi ya kunywa kwenye bomba la mtaa, mwendo wa nusu saa na foleni juu yake, pipa zima, nikampelekea Mama Kufuli. Amekataa. Nimeliacha langoni. Baada ya saa moja halikuwepo.

Alhamisi, 27 Julai

Siku ya tano. Mama amesema, "Mficha uchi hazai, na huyo jirani yako ni wa hivyo. Na wewe ni wa hivyo hivyo. Mtaelewana."

Ijumaa, 28 Julai

Ya sita. Mgongo wangu umeandika malalamiko yake, sijayasoma.

Jumamosi, 29 Julai

Siku saba kamili.

Tumefunua magunia yote. Fundi alitembea sakafu nzima akigonga kwa mpini wa nyundo na kutega sikio. Nilikwenda kumwita Mama Kufuli. Alivua ndala pembeni, akaingia peku, akatembea kutoka penye mlango hadi ukuta wa mwisho, kichwa amekiinamisha kama mtu aliyeangusha sindano. Akaenda chumbani, akaenda bafuni, akarudi.

"Haina ufa," akasema.

Akavaa ndala zake akaenda kwake. Nimelia kidogo nyuma ya lundo la mchanga. Ilikuwa furaha.

Alhamisi, 3 Agosti

Kuta zimeanza kupanda. Maji ya udongo wa saruji yanatoka bomba la mtaa kwa mkokoteni. Utaratibu ni mmoja na mafundi wote wanaujua: pipa la kwanza la kila siku ni la Mama Kufuli, la pili ndipo kazi ianze. Analitumia kunywa na kupikia. Kufua hataki. Anasema maji ya kubebwa na mtu hayafulii nguo.

Jumatatu, 7 Agosti

Niseme ukweli wa ofisi ya maji. Nimerudi leo baada ya wiki tatu na siku kadhaa. Fomu yangu ilikuwa chini ya rundo, inakosa mchoro wa njia ya bomba, na ingekosa hadi mwakani, kwa sababu mwenye fomu alikuwa na maji ya jirani akalala usingizi. Bwana Kesho ana makosa yake. Haya ni yangu.

Mchoro nimeuchora pale pale dirishani. Akasema kesho.

Jumanne, 8 Agosti

Nimekaa kwenye benchi mbele ya dirisha lake tangu wanafungua, nikaandika kwenye daftari hili. Saa tano hakuvumilia.

"Unaandika nini, mama?"

"Kitabu cha zamu, mwanangu. Kila 'kesho' naiandika na saa yake. Mazoea ya kazi tu."

Akameza mate. "Unampa nani?"

"Sijaamua."

Ijumaa, 11 Agosti

Mpimaji amekuja. Bwana Kesho mwenyewe ameongozana naye, na ana shati la kazi kumbe.

Jumatano, 23 Agosti

Linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, zimemwagwa. Siku saba za kumwagilia, kamili.

Jumamosi, 2 Septemba

Kenchi, zile mbao za kubeba paa, ziko juu. Mama amekataa kuambiwa chochote zaidi. Anataka aone mwenyewe.

Jumanne, 12 Septemba

Mabati. Kelele za nyundo siku nzima. Mama Kufuli ameleta kiti chake ukutani akaangalia kama sinema.

Jumatatu, 18 Septemba

Ofisi ya maji wamechimba kutoka barabarani, wamefunga mita. Maji kesho kutwa, na safari hii Bwana Kesho ameandika mwenyewe tarehe kwenye daftari langu na kutia saini.

Jumatano, 20 Septemba

Kweli. Saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo kufuli lilikuwa linafungwa, mita ilizunguka na bomba la jikoni likapiga chafya ya kutu, likatulia, likatoa maji meupe.

Fundi alikuwa ameshika msumeno na kizibo, amesimama kwenye ncha ya lile bomba la muda pale linapochomoza mbele. "Nilikate, nilizibe, mama?"

"Unganisha."

Akanitazama.

"Unganisha na letu. Weka koki hapo. Halafu pita kwa nyuma, ufungue kwenye tangi lake, uunganishe na bomba lake la kufuli. Maji yalikuja kwa njia hii. Yatarudi kwa njia hii."

"Likivuja tutavunja sebule."

"Likivuja tutavunja sebule."

Kwa mara ya kwanza tangu Julai Fundi alicheka hadi meno ya nyuma. Kazi ilichukua nusu saa. Nilikwenda kwa barabara, nikapiga hodi safari hii. Mama Kufuli alikuwa ameshamwona Fundi uani kwake, sharti lake lililovunjwa mchana kweupe, na alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Dada, fungua bomba lako."

"Nifungue nini? Kisima kimekufa."

"Fungua tu."

Akavua ufunguo shingoni. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, akahangaika nalo, sikumsaidia maana halikuwa langu. Mnyororo ukaanguka. Akazungusha koki. Bomba likakohoa upepo, mara moja, mara mbili, nikaanza kuogopa kwamba zege limeliminya. La tatu likaleta maji, yakampiga miguuni. Hakurudi nyuma. Aliinama akayakinga kwa viganja akayaangalia.

"Yanatoka wapi?"

"Sebuleni kwangu."

Akayaacha yadondoke kutoka viganjani. Kisha akauliza kwa sauti yake ile ile ya masharti, "Na wewe utafunga saa ngapi?"

"Mimi sina kufuli, dada."

Akainua uso, machozi yanamtoka na hayafuti. "Basi chukua langu," akasema, na akacheka.

Sikulichukua. Liko chini ya mnara, wazi, na mnyororo wake.

Jumatatu, 25 Septemba

Tumehama. Mama alishuka ngazi za ghorofa kwa makalio kwa mara ya mwisho akiwaaga wapangaji mmoja mmoja, kazi ya saa nzima. Kwenye mlango wetu alisimama akitafuta pa kupandisha mguu, akakuta hapana. Akaingia akitembea. Akaenda bafuni moja kwa moja, akafungua, akafunga, akafungua, akafunga.

Sebuleni akauliza, "Hilo bomba lako la njia iliyonyooka liko wapi?"

"Hapo, chini ya miguu yako."

Ameamuru kiti chake kiwekwe hapo hapo.

Alhamisi, 28 Septemba

Bado siku mbili kufikia tarehe, na jengo la zamani lina alama nyekundu ukutani.

Asubuhi kamba ya Mama Kufuli ilikuwa imejaa kutoka ukuta hadi ukuta: mashuka, mapazia, taulo, nguo za msimu mzima, na katikati gauni la bluu. Alinipungia mkono akiwa na kapu, anakwenda sokoni.

Saa nane wingu lilikuja kutoka nyuma ya mabati, na kabla sijafunga dirisha matone ya kwanza yakagonga paa letu jipya. Mama akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Nguo za watu!" Nilikuwa nimeshatoka. Nilikimbia kwa barabara, lango lilikuwa wazi, nikaanua kila kitu, mashuka, mapazia, taulo, begani na kichwani, gauni nikaliweka kifuani lisilowe.

Kola ilikuwa safi. Nimelikunja vizuri, tulivyokuwa tukikunja za hospitali, na nikakaa mlangoni kwake kumngoja.